Ukiona Vyaelea: Kazi Zisizoonekana Nyuma ya Huduma za Zahanati ya Kijijini

Mgonjwa anayefika zahanati asubuhi huona mambo machache: benchi la kusubiria, meza ya mapokezi, mlango wa chumba cha tabibu na dirisha la dawa. Akishapita hapo huondoka, na hukumu yake juu ya huduma hutegemea namna alivyopokewa, muda aliokaa na iwapo dawa alizoandikiwa zilikuwapo. Hukumu hiyo ni ya haki, kwa kuwa huduma hupimwa kwa yule inayemfikia. Hata hivyo, sehemu kubwa ya yale yanayoamua kama mgonjwa atapona hufanyika mahali asipopaona: katika jokofu la chanjo, katika leja ya stoo, katika madaftari ya takwimu na katika kikao cha kamati. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Makala haya yanaeleza jinsi vinavyoundwa, na kwa nini mgonjwa na mtoa huduma wote wawili wana sehemu katika kuviunda.

Mahali pa zahanati katika ngazi za huduma

Kata ya Ulemo imo wilayani Iramba, mkoani Singida, wilaya ambayo makao yake makuu ni Kiomboi. Wakazi wake wengi ni wakulima na wafugaji, watu ambao siku ya kwenda kutibiwa ni siku iliyotolewa shambani. Kwao, kama ilivyo kwa Watanzania wengi wa vijijini, zahanati ndiyo ngazi ya kwanza ya matibabu. Juu yake kipo kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Singida, hospitali za kanda kama Benjamin Mkapa iliyoko Dodoma, na mwisho hospitali ya taifa, Muhimbili.

Mpangilio huu una historia. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali iliamua kupeleka huduma vijijini badala ya kujenga hospitali kubwa mijini pekee. Mwaka 1978 mataifa ya dunia yaliyokutana Alma-Ata yalikubaliana kwamba afya ya msingi ndiyo njia ya kuwafikia watu wote. Mwaka 2007 Tanzania ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, uliolenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya.

Majengo, hata hivyo, hayatibu. Zahanati huongozwa na mganga mfawidhi, ambaye mara nyingi ni tabibu, akisaidiwa na wauguzi wakunga, mtaalamu wa maabara pale alipo, na wahudumu wa afya. Watumishi wanapokuwa wachache, mtu mmoja huweza kupima wagonjwa asubuhi, kutoa dawa mchana, kuandika taarifa jioni na kuamshwa usiku kumzalisha mama. Anayeona mlango wa tabibu umefungwa kwa nusu saa huenda akadhani mtumishi amepumzika, kumbe yumo katika chumba cha kujifungulia.

Saa ya kwanza: jokofu

Kabla mgonjwa wa kwanza hajaitwa, kuna kazi moja isiyopaswa kusahaulika: kusoma kipimajoto cha jokofu na kuandika kilichosomwa. Kazi hii hufanywa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, hata Jumapili na sikukuu. Chanjo nyingi zinapaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi tangu zinapotoka kiwandani hadi zinapomfikia mtoto. Safari hiyo huitwa mnyororo baridi, na kama minyororo yote, hukatika penye pete dhaifu.

Joto si adui pekee. Chanjo ya pepopunda, kwa mfano, pamoja na ile inayochanganya kinga za magonjwa matano, huharibika zikiganda. Huweza kuyeyuka tena na kuonekana nzuri machoni, ilhali nguvu yake imepotea. Kwa upande wa joto, chupa nyingi za chanjo hubandikwa alama ndogo yenye mraba ndani ya duara. Mraba huo huzidi kuwa mweusi kadiri chupa inavyopata joto. Rangi yake ikilingana na ya duara au kuizidi, chanjo hiyo haifai tena. Muuguzi anayeinua chupa na kuitazama kabla ya kuvuta dawa anasoma historia ya safari yake yote.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali linaloulizwa na kina mama wengi: kwa nini mtoto aliyefikia miezi 9 huambiwa aletwe siku fulani ya wiki kwa chanjo ya surua na rubela? Chanjo hiyo, kama ile ya kifua kikuu, huwa ya unga unaochanganywa na kimiminika. Ikishachanganywa inapaswa kutumika ndani ya saa 6, na inayobaki humwagwa. Chupa moja huwa na dozi nyingi, aghalabu 10. Zahanati hukusanya watoto siku moja ili dozi zisipotee. Utaratibu huo una busara, lakini haupaswi kugeuzwa ukuta. Mtoto aliyetoka mbali, au ambaye amekwisha kupitwa na tarehe yake, hastahili kurudishwa nyumbani bila kinga. Hasara ya dozi chache ni ndogo kuliko hasara ya mtoto mmoja aliyeachwa wazi kwa surua.

Jokofu hilo lina siri nyingine. Oksitosini, dawa inayochomwa mama mara tu baada ya kujifungua ili kuzuia damu kuvuja, nayo huhitaji ubaridi uleule. Ikikaa kabatini siku nyingi za joto, hupungua nguvu bila kubadilika rangi. Mkunga ataichoma kwa wakati, kwa kipimo sahihi, na damu isisimame. Kwa hiyo ile karatasi ya joto iliyobandikwa kwenye mlango wa jokofu ni sehemu ya huduma ya uzazi, na alama iliyoandikwa kwa kukisia, bila kutazama kipimajoto, inaweza kugharimu uhai.

Kalamu na daftari

Malalamiko ya kawaida ya wagonjwa ni kwamba mtumishi anaandika muda mrefu kuliko anavyosikiliza. Anaandika nini? Anajaza madaftari ya Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, unaojulikana kwa kifupi kama MTUHA. Kila daftari lina namba na kazi yake: namba 5 ni la wagonjwa wa nje, namba 6 la wajawazito, namba 7 la watoto, namba 12 la chumba cha kujifungulia, na namba 13 la mama na mtoto baada ya kujifungua. Mwisho wa mwezi maandishi hayo hujumlishwa na kupelekwa wilayani, ambako huingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa taifa. Palipo na kompyuta na mtandao, sehemu ya kazi hii hufanyika papo hapo.

Daftari hilo lina manufaa matatu. Kwanza, humlinda mgonjwa: shinikizo la damu la mjamzito lililoandikwa mwezi uliopita humwonyesha mkunga kwamba la leo limepanda, hata kama kwa kulitazama peke yake lingeonekana la kawaida. Pili, huilinda jamii: wagonjwa watatu wa kuharisha kutoka kitongoji kimoja ndani ya siku mbili ni habari inayopaswa kufika wilayani siku hiyohiyo, kwani kipindupindu hakisubiri taarifa ya mwezi. Tatu, huamua kiasi cha dawa na fedha zitakazoletwa, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Taarifa hizo pia ni siri. Daftari lililoachwa wazi juu ya meza, ambapo jirani anaweza kusoma jina na ugonjwa wa jirani, ni jeraha kwa imani ya wagonjwa. Mtu akihofu kwamba hali yake itajulikana kisimani, hatarudi, na ugonjwa wake utaendelea kukua kimyakimya.

Dawa hutoka wapi, na kwa nini huisha

Bohari ya Dawa ilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1993 ili kununua, kutunza na kusambaza dawa na vifaa tiba kwa vituo vya umma. Dawa nyingi za serikali hupigwa chapa ya herufi GOT, ili zikionekana dukani ijulikane zilikotoka. Zahanati haipelekewi dawa kwa kukisiwa. Huandika ripoti na maombi ikionyesha kiasi kilichokuwapo, kilichopokelewa, kilichotumika na kilichobaki. Maombi hupitia wilayani kabla ya kufika Bohari.

Wahenga walisema pia, mali bila daftari huisha bila habari. Chukulia zahanati iliyotumia vidonge 2,000 vya dawa fulani katika siku 60, lakini kwa siku 20 kati ya hizo dawa hiyo haikuwapo kabisa. Mtunza stoo asiyefikiri ataandika kwamba matumizi ya siku 60 ni vidonge 2,000, naye ataletewa kiasi kinacholingana na hicho. Ukweli ni kwamba vidonge 2,000 vilitumika kwa siku 40, yaani vidonge 50 kwa siku. Mahitaji halisi ya siku 60 ni vidonge 3,000. Kosa hilo moja huandaa upungufu wa vidonge 1,000 katika kipindi kinachofuata, na upungufu huo nao ukiripotiwa vibaya huzaa mwingine. Hivyo ndivyo uhaba unavyoweza kujizalisha wenyewe, hata pale ambapo Bohari ina dawa za kutosha.

Zipo sababu nyingine. Bohari yenyewe huweza kukosa dawa iliyoombwa. Kwa hali hiyo ulianzishwa mfumo wa mshitiri, uitwao Jazia, ulioanza mkoani Dodoma mwaka 2014 na kuenezwa nchini kote mwaka 2018. Katika mfumo huu, mkoa huingia mkataba na msambazaji binafsi, na vituo hununua kwake kile kilichokosekana Bohari, badala ya kila zahanati kuhangaika na maduka kwa bei tofauti. Sababu nyingine ni utunzaji: katika stoo, dawa inayokaribia kuisha muda inapaswa kutoka kwanza, hata kama iliingia mwisho. Boksi lililosukumwa nyuma ya rafu huonekana tena likiwa limekwisha muda.

Ipo pia sababu inayotokana na mazoea. Tangu dawa mseto zilipoanza kutumika nchini mwaka 2006 kwa malaria isiyo kali, na vipimo vya haraka vilipofika hadi zahanati, homa haitibiwi tena kwa kukisia. Kipimo kikionyesha hakuna malaria, kumpa mgonjwa dawa ya malaria ili kumridhisha ni kumnyima tiba ya ugonjwa alionao na kumwibia yule atakayekuja kesho na malaria ya kweli. Vivyo hivyo kwa viuavijasumu vinavyotolewa kwa kila mafua. Dawa inayotolewa pasipo sababu nayo huondoa dawa rafuni.

Usafi usioonekana

Baada ya mama kujifungua na kupelekwa kupumzika, kazi chumbani huwa haijaisha. Vyombo huoshwa, kisha hutakaswa kwa mvuke wenye shinikizo ili visimbebee mama anayefuata maradhi ya aliyetangulia. Kondo la nyuma hupelekwa katika shimo lake maalumu. Sindano zilizotumika hutupwa papo hapo, bila kurudishiwa kifuniko, katika kisanduku cha usalama, ambacho hufungwa kinapojaa robo tatu na kupelekwa kwenye kichomea taka. Taka hutengwa kwa mapipa ya rangi mbalimbali ili mfanyakazi anayezibeba ajue hatari iliyomo. Mhudumu anayefanya kazi hii mara nyingi ndiye anayetajwa mwisho katika orodha ya watumishi, ilhali akikosea, stadi za wote waliomtangulia hupotea bure.

Fedha na wenye zahanati

Uchangiaji wa gharama katika vituo vya umma ulianza mwaka 1993. Miaka michache baadaye, mwaka 1996, Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kujaribiwa katika wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, jirani wa Iramba upande wa pili wa bonde la Wembere. Wazo lilikuwa rahisi kwa wakulima: kuchangia wakati wa mavuno ili kutibiwa wakati wa njaa. Mfuko ulipoboreshwa mwaka 2018, mchango uliwekwa kuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya isiyozidi watu 6. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5, na wazee wasio na uwezo ni miongoni mwa makundi yenye msamaha wa malipo. Msamaha ni haki, lakini haukijazi kibweta cha zahanati. Gharama yake lazima itoke mahali pengine. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, sehemu ya fedha za serikali na wahisani hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya benki ya kila kituo. Badiliko hilo lilileta uhuru na wajibu kwa pamoja: zahanati sasa huandaa mpango wake, huidhinishiwa bajeti yake na kutoa hesabu yake.

Anayesimamia ni nani? Kila zahanati inapaswa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Kamati hujadili mpango na matumizi, na dawa zinapofika, wajumbe wake hushuhudia maboksi yakifunguliwa na kuhesabiwa. Mwanakijiji anayetaka kujua kwa nini dawa zimekosekana ana haki ya kumuuliza mjumbe wake. Kamati isiyokutana humwacha mganga mfawidhi peke yake, akibeba lawama ambazo pengine si zake, au akifanya makosa ambayo hakuna anayeyaona.

Usiku wa rufaa

Kazi hizi zote hujaribiwa kwa pamoja usiku ambao mama anavuja damu baada ya kujifungua. Wataalamu wa afya ya uzazi hueleza vifo vya namna hii kwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika.

Katika zahanati, ucheleweshaji wa tatu huzuiwa na yale yaliyofanyika siku nyingi kabla: oksitosini iliyotunzwa baridi, majimaji ya mishipa yaliyoagizwa kwa hesabu sahihi, patografu iliyojazwa wakati wa uchungu hivi kwamba mkunga alijua mapema uzazi unakwenda kombo. Ucheleweshaji wa pili hukabiliwa kwa usafiri. Mfumo wa m-mama, ulioanza kuenezwa kitaifa mwaka 2022, huunganisha mtoa huduma na gari la wagonjwa, au dereva wa jamii pale ambapo gari halipo, kwa kupiga namba 115 bila malipo. Mama anapoondoka kuelekea Kiomboi, anapaswa kuondoka na barua inayoeleza kilichotokea, dawa alizopewa na saa alizopewa. Na hospitali ipigiwe simu kabla hajafika, ili akute watu wamejiandaa.

Juhudi za namna hii hazikuwa bure. Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Kila kimoja cha vifo vilivyobaki ni mama aliyekuwa na jina, na mara nyingi kuna pete moja ya mnyororo iliyokatika kabla yake.

Yanayowapasa pande zote mbili

Kwa mtoa huduma, funzo ni kwamba kazi isiyoonekana haipungui thamani kwa kutoonekana. Joto la jokofu liandikwe lilivyosomwa. Siku za kukosekana kwa dawa zihesabiwe katika maombi. Kalamu ishikwe baada ya mgonjwa kusalimiwa na kusikilizwa, wala si kabla. Na pale subira inapohitajika, wagonjwa walioko benchini waambiwe sababu: sentensi moja, “mwenzenu anajifungua, tafadhalini mnivumilie”, huondoa manung'uniko ya saa nzima.

Kwa mgonjwa na familia yake, yapo mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wao. Kadi ya kliniki na karatasi za matibabu ya awali ziletwe kila mara, hata kama zimechakaa. Dawa alizokwisha kunywa mgonjwa, za dukani au za asili, zitajwe bila woga, kwa kuwa tabibu hawezi kuepuka hatari asiyoijua. Mjamzito na mumewe wapange mapema usafiri na mtu wa kumsindikiza, wala wasisubiri uchungu. Na mkutano wa kijiji unapochagua wajumbe wa kamati ya zahanati, wachaguliwe watu wanaojua kuuliza na kufuatilia.

Zahanati ikitazamwa hivi, swali la mwanakijiji wa Ulemo hubadilika. Badala ya kuuliza tu “dawa zipo?”, huuliza pia “ziliagizwa lini, na nani alizihesabu zilipofika?” Mtumishi anayefanya kazi kwa uaminifu hufurahia swali hilo, maana humpa nafasi ya kufungua leja na kuonyesha.